Kichwa Kilichoitikia

Resty Namutebi alikuwa hajapumzika tangu aingie Juba, na hiyo ni miaka kumi na miwili. Jumatatu hadi Jumamosi alisuka nywele katika kibanda chake cha mtaa wa Hai Cinema, Jumapili asubuhi alikwenda kanisani, na Jumapili mchana aliwasuka wale waliokosa nafasi wiki nzima. Vidole vilikuwa vimeanza kukakamaa. Kwa hiyo Adhieu alipomwambia kwamba kando ya Nile kuna mahali ambapo mtu analala juu ya mchanga kama yuko Mombasa, Resty alimvuta msuko mmoja kwa nguvu kuliko ilivyotakiwa.

"Mchanga wa wapi? Kule mimi najua iko mamba tu."

"Ai! Unanitoa ngozi! Mchanga wameleta na lori, Mama Edrine. Kuna viti vya kulalia, kuna miavuli, kuna samaki. Siku mbili tu. Aki utakufa ukisuka watu."

Adhieu alikuwa mteja wake kwa miaka minne, na ukikaa miaka minne kichwa chako kikiwa kati ya magoti ya mtu, hakuna siri inayobaki. Alikuwa Mdinka kwa baba na mama. Lakini vita vilimpeleka Kenya akiwa bado anabebwa mgongoni, akakulia Eldoret, akasoma huko, akarudi Juba mtu mzima na sanduku moja na Kiswahili cha Kenya. Sasa aliishi kwa shangazi yake mtaa wa Mangateen na kupokea wageni mapokezi katika ofisi ya shirika moja, kwa Kiingereza. Kiarabu cha Juba kilikuwa kimemshinda kabisa. Wakienda sokoni pamoja, Resty wa Masaka, Uganda, ndiye aliyembishania bei ya nyanya, na Adhieu mwenye nchi yake akasimama pembeni ameshika kapu.

"Wewe mwenye nchi, mimi mkalimani," Resty alikuwa akimtania, na wote wawili wanacheka mpaka wauza nyanya wanacheka nao.

Basi wakakubaliana, Jumamosi na Jumapili.

Lakini Resty alikuwa na lake, na hilo hakumwambia hata Adhieu. Kibali chake cha kuishi na kufanya kazi kilikuwa kimeisha tangu mwezi wa tatu. Kila wiki alisema wiki ijayo, na wiki ijayo ikija kuna bibi harusi anataka asukwe pamoja na wasimamizi wake saba. Tangu hapo gari lolote lenye vioo vyeusi likipita mbele ya kibanda, Resty aliinamia kichwa cha mteja kana kwamba anatafuta chawa. Hofu yenyewe ilikuwa ya kila siku, kama jino bovu, unajifunza kutafuna upande mwingine. Alijua tu kwamba wakimshika watampeleka mpakani Nimule na nguo alizovaa, na kibanda, mashine za kukaushia nywele, wateja, vyote vitabaki nyuma. Mwanawe Edrine alikuwa kidato cha nne huko Masaka, na kibanda hicho ndicho kilichomsomesha.

Jumamosi hiyo mchanga ulikuwepo kweli, bannange, jamani! Ulikuwa wa rangi ya biskuti, umemwagwa kutoka kwenye vyumba vya mabati mpaka kwenye ukingo wa maji. Viti vya kulalia vilipangwa kuelekea mtoni. Nile ilipita polepole na maji yake ya udongo, imebeba mafungu ya magugu yenye ndege juu yake. Resty alivua viatu, akalala kwenye kiti. Baada ya dakika tano Adhieu alimwangalia akaangua kicheko, maana mikono ya Resty ilikuwa inasuka nyuzi za pembeni mwa taulo na mwenyewe hana habari.

"Pumzika, mama! Hata taulo unaisuka?"

"Nani alinifundisha mimi kupumzika?" akasema Resty, lakini aliiacha taulo.

Waliagiza samaki wa kuchoma kwa msichana wa hoteli aliyeitwa Natalina. Samaki akachelewa, na hawakujali. Jua lilipoteremka kidogo na maji yakaanza kung'aa, Adhieu alivaa kofia pana aliyoinunua kwa ajili ya siku hiyo, akasimama ukingoni, akamnyooshea Resty simu.

"Nipige moja tu. Nataka wale wa Eldoret waone mimi pia naenda beach."

Resty alishika simu akatazama kiooni. Alimwona Adhieu, nyuma yake maji, na nyuma ya maji daraja, na juu ya daraja askari wawili wadogo kama njiti za kiberiti. Akaishusha simu.

"Hapana. Hapa watu hapana piga picha. Iko daraja hapo nyuma."

"Wee, tuko ndani ya hoteli! Tumelipa! Nani atatuona?"

Mtu yeyote aliyekaa Juba anajua. Picha hapa haipigwi hivi hivi, na daraja ndiyo usithubutu. Resty alishawahi kuona kijana wa watu akizabwa makofi barabarani kwa kupiga picha ya harusi tu, maana gari la askari lilikuwa limepita nyuma ya bibi harusi. Alijua vizuri. Lakini jua lilikuwa zuri, upepo ulikuwa unatoka mtoni, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili hakuna kichwa kilichokuwa kati ya magoti yake. Akainua simu akabonyeza. Adhieu akatanua mikono, akabonyeza tena. Adhieu akashika kofia na kubinua midomo, akabonyeza mara ya tatu, huku anacheka. Kisha akamrudishia simu yake.

Wanaume wawili wakainuka chini ya mwavuli wa pembeni.

Walikuwa wamekaa hapo tangu mchana. Wanaume wazima wawili wanaokunywa chai mahali pa bia, tena na viatu vya ngozi juu ya mchanga! Mtu wa Juba angewang'amua tangu mlangoni. Resty alikuwa mtu wa Juba, na hakuwaona, kwa sababu alikuwa anapumzika.

"Telefon de ta munu?" aliuliza yule mkubwa. Simu hii ya nani? Hakupandisha sauti. Alikuwa na mvi kidogo na miwani ya jua, na mkono wake ulikuwa tayari umenyooshwa.

Adhieu alielewa neno moja tu, la simu. "It's mine," akasema, kisha kwa Kiswahili, "Ni yangu. Kuna shida gani?" Mwanamume akaichukua mkononi mwake taratibu, akaitazama ile picha ya tatu, akampa mwenzake.

Kisha akamgeukia Resty na kumuuliza kwa Kiarabu wanatoka wapi na wanafanya nini.

Resty alikikumbuka kibali chake. Lakini mdomo, ule mdomo wa sokoni wa miaka kumi na miwili, ulifunguka wenyewe na Kiarabu kikatoka laini: tusamehe mzee wetu, huu ni upumbavu wa wanawake, tumekuja kupumzika tu, picha tutafuta sasa hivi mbele yako. Alitumia maneno ya adabu ambayo wake za wakubwa huyatumia kibandani kwake. Uso wa yule mwanamume ukalainika. Akavua miwani.

"Ita Kuku, mus kida?" Wewe Mkuku, sivyo?

Wakuku ni watu wa Kajo-Keji, huko mpakani kabisa, na ukimweka Mkuku na Mganda benchi moja hutajua nani ni nani. Mwanamume alitabasamu. Mke wake ni Mkuku, akasema, na anaongea hivyo hivyo.

Na kichwa cha Resty kikaitikia.

Jamani, hakukusudia! Angeapa hata mbele ya padri. Kiliinama mara moja tu, kidogo, kama mtu anavyoitikia habari za asubuhi. Kabla hajajua amefanya nini, mwanamume alikuwa ameshampa mgongo na kumtazama Adhieu, na alipomtazama Adhieu hakuwa na tabasamu tena.

"Na huyu?"

Yule mdogo alikuwa anapekua simu. Laini ya Kenya, akasema. Ujumbe wa Kiswahili. Picha za Nairobi, picha za barabara, picha za ndege uwanjani. Mkubwa akamsemesha Adhieu kwa Kiarabu, sentensi moja baada ya nyingine, na Adhieu akabaki anatikisa kichwa na kusema kwa Kiingereza kwamba yeye ni raia, yeye ni Mdinka, hati yake ya uraia iko nyumbani Mangateen.

"Mdinka!" Mkubwa akamwashiria mwenzake. "Jamaa yako huyo. Mjaribu."

Yule mdogo akamsemesha Kidinka. Sasa Kidinka cha Adhieu kilikuwa cha mtoto wa jikoni, cha njoo, kula, acha hiyo. Shangazi yake alimcheka nacho kila siku. Na hofu ilipomkaba, hata hicho kidogo kikakauka. Alitoa sentensi tatu zilizopinda, kwa lafudhi ya Eldoret, akakwama katikati ya ya nne. Yule mdogo akacheka.

"Maneno hayo hata wachuuzi Waganda wanayajua," akasema kwa Kiarabu.

Resty alicheka naye. Alijisikia akicheka, kicheko kifupi cha kumfurahisha mtu.

Mkubwa hakucheka. Alisema pole pole, anapima: mgeni anayejifanya wa kwetu, anapiga picha daraja na askari wake, ana picha za uwanja wa ndege. Akalitamka lile neno, jasusi, ambalo kwa Kiarabu nalo ni karibu lile lile. Hilo Adhieu alilielewa. Rangi yote ikamtoka.

Akamtazama Resty. Sentensi moja tu ya Kiingereza ingetosha: huyu ndiye Mganda, huyu ndiye aliyepiga. Resty aliiona ile sentensi ikimfika Adhieu mdomoni. Aliiona kabisa, na akamwomba Mungu aizuie, ndiyo, alimwomba Mungu. Adhieu akafumba mdomo akaimeza. Kisha akasema kwa Kiswahili, haraka, "Usiseme kitu. Mpigie shangazi."

"Anasema nini?" Mkubwa akamgeukia Resty. "Unamjua huyu?"

"Ni mteja wangu," akasema Resty kwa Kiarabu chake kizuri. "Ninamsuka tu."

Aliisikia ile "tu" ikitoka. Ingebaki kinywani ingekuwa afadhali.

"Nenda nyumbani, dada," mwanamume akamwambia kwa upole kabisa. "Chagua watu wa kutembea nao." Akamshika Adhieu kiwiko. Walipita naye kati ya viti, kofia yake pana ikadondoka na hakuna aliyeiokota. Wageni wengine waliangalia sahani zao. Natalina alikuwa amesimama na sinia la samaki mlangoni mwa jiko, akarudi ndani nalo.

Resty alikwenda chumbani. Alijiambia anakwenda kuchukua pasipoti. Anaichukua, anatoka mbio, anawaonyesha, anasema ni mimi. Ndivyo alivyojiambia huku anavuka mchanga na viatu mkononi. Alifunga mlango nyuma yake, akaufungua mkoba, pasipoti ikawa hapo juu kabisa, na ndani yake kile kibali kilichokufa mwezi wa tatu.

Akakaa kitandani.

Sasa haikuwa picha tena. Sasa ilikuwa kudanganya mtu wa usalama usoni, kujifanya raia, bila kibali. Hapo si suala la kupelekwa Nimule tu. Watu waliingizwa kwenye magari yale kwa makosa madogo kuliko hayo, na jamaa zao walizunguka wiki nzima wakiulizia, wakiambiwa hayupo hapa, jaribu pale. Alimwona Edrine amesimama mbele ya ofisi ya shule na barua mkononi. Adhieu ni raia, akajiambia. Hati yake ipo. Shangazi ataileta, watamwachia kesho, labda hata leo. Mimi nikienda, nani ataniletea hati? Maneno yalikuwa na akili, na mikono ikayafuata. Ikakunja gauni. Ikakunja kanga. Ikaweka mafuta na mswaki ndani ya begi, ikavuta zipu mpaka mwisho. Kwa geti la nyuma kuna njia inayotokea barabarani, boda boda hazikosekani. Alikuwa ameshasimama na begi begani.

Huko nje injini ya gari ikawaka.

Na pale ndipo wazo lilipomjia, dogo tu, la kipuuzi: Adhieu hawezi hata kuomba maji. Watamuuliza mpaka asubuhi kwa lugha asiyoijua, na kila atakaponyamaza watasema anaficha. Miaka minne hajawahi kununua hata nyanya bila Resty kusimama hapo. Hofu haikumtoka, usidhani. Ilimwongezeka, mpaka akahisi anataka kwenda haja. Lakini alilitupa begi chini, akashika pasipoti, akatoka mbio peku.

Gari lilikuwa jeupe, vioo vyeusi, halina namba. Lingekuwa limeshaondoka kama si lori la tenki la maji lililokuwa limeziba geti, dereva wake anarudi nyuma, anaenda mbele, anarudi nyuma. Resty alipiga kioo kwa kiganja. Alipiga tena. Kioo kikashuka.

"Ana min Uganda," akasema. Pumzi ilimkatika. "Mimi ni Mganda. Picha nimepiga mimi."

Yule mkubwa akamtazama kwa huruma. "Dada, acha. Mganda gani anaongea hivi? Unataka kumsaidia mteja wako, nimeelewa. Nenda."

Ndiyo nafasi ya kuponyoka hiyo! Alipewa mara ya pili, bure, na mkono wake ulisita na pasipoti nyuma ya mgongo. Kisha akaipitisha dirishani.

Mwanamume akaifungua. Akaangalia sura, akamwangalia mwenye sura. Akafunua kurasa moja moja mpaka kwenye kibali, akasoma tarehe, midomo yake ikihesabu miezi. Tenki la maji lilikuwa linaunguruma. Alipoinua uso, Resty aliona kwamba mtu huyu ameumia moyoni, na hilo lilimtisha kuliko hasira.

"Nilikuambia habari za mke wangu," akasema.

"Ndiyo."

"Ukaniitikia."

"Ndiyo. Niliogopa." Kiarabu chake sasa kilikuwa kinakatika. "Lakini huyu ni wa kwenu. Ni Mdinka kweli. Hajui Kiarabu kwa sababu alitolewa hapa amebebwa, kabla hajajua kusema. Si kosa lake. Aliniambia nipige, lakini mimi ndiye nilijua haifai, na mimi ndiye nilibonyeza."

Mwanamume aliitia pasipoti mfukoni mwa shati na kumwashiria mwenzake afungue mlango wa nyuma. Resty akaingia, kwa sababu hakuna kingine cha kufanya, mchanga miguuni. Adhieu alikuwa amekunjamana kwenye kona. Mkubwa akasema neno bila kugeuka.

"Anasema nini?" Adhieu akanong'ona.

"Anasema wewe shuka. Enda nyumbani, kesho lete hati yako, chukua simu."

"Na wewe?"

"Mimi naenda na wao."

Adhieu alitazama mlango uliokuwa wazi. Nje mchanga ulionekana, na viti, na mwavuli mmoja uliopinduka. Alitazama kwa muda mrefu, na Resty hakumlaumu kwa muda huo.

"Mwambie sishuki."

"Adhieu, shuka! Wewe iko wazimu?"

"Utasaini kitu hujaelewa. Kiingereza chao cha karatasi utakisoma wewe? Mwambie."

Resty akamtafsiria neno kwa neno, maana hiyo ndiyo kazi yake. Yule mkubwa aliwatazama kwenye kioo cha dereva, mmoja, kisha mwingine. Akainua bega. Yule mdogo akaufunga mlango kutoka nje na kufuli zikalia zote kwa pamoja.

Tenki lilipita. Gari likatoka getini na kuanza kurukaruka kwenye mashimo. Hakuna aliyewaambia wanakwenda wapi, na Resty hakuthubutu kuuliza. Alishika mkono wa Adhieu ukawa wa baridi, au wa kwake ndio ulikuwa wa baridi.

"Ulikaa sana," Adhieu akasema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa nangoja. Nilijua utakuja, lakini ulikaa sana. Ulikuwa unafanya nini huko ndani?"

Resty angeweza kusema alikuwa anatafuta pasipoti. Lilikuwa jibu zuri na Adhieu angeliamini.

"Nilikuwa nafunga begi."

"Zote mbili, yako na yangu?"

"Hapana," akasema Resty. "Moja."

Gari lilifika lami, likakata kulia, na yule mdogo akapandisha vioo.